Marehemu Mia Nne na Kumi na Wawili

Kwa miaka kumi na saba Agnesi Mallya aliandika habari za watu waliokufa, na hakumlilia hata mmoja. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Kazi ilikuwa kazi, na aliifanya mchana kweupe kwenye steshenari ya Bi Siwema, Mtaa wa Uhuru, upande unaotazamana na viwanja vya Mnazi Mmoja. Watu waliingia pale kutoa kopi, kuchapa mikataba ya pango, kupiga picha za pasipoti. Lakini kilichomfanya Agnesi ajulikane mpaka Ilala na Buguruni ni ile karatasi inayokunjwa katikati: mbele picha ya marehemu, ndani ratiba ya ibada, nyuma wasifu wake.

Familia ikifiwa, hutumwa yule anayeonekana ana nguvu kidogo kuliko wenzake. Shemeji, au mpwa, au jirani mwenye gari. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya Agnesi, naye alimuuliza maswali nane, yale yale, kwa mpangilio ule ule. Jina kamili. Alizaliwa wapi. Alisoma wapi. Alioa lini, watoto wangapi, kazi gani, aliugua nini. Swali la nane lilikuwa: alikuwa mtu wa namna gani? Hapo ndipo wengi walipokwama. Walitazama feni. Walisema, “Alikuwa mtu wa watu,” kisha wakanyamaza, na simu ikaanza kuita, na gari la kwenda mochwari lilikuwa linasubiri. Basi Agnesi alijaza mwenyewe. Alikuwa mcheshi. Alipenda kanisa lake. Hakuwahi kugombana na mtu. Mwishoni aliweka neno moja la hekima, alilolichagua kwenye daftari kubwa la jalada la bluu, ambamo alikuwa amenakili maneno ya wanafalsafa, wafalme, mapadri na watu wasiojulikana, karibu tisini kwa jumla. Dakika arobaini, na marehemu alikuwa tayari.

Mume wake mwenyewe, Samson, fundi wa majokofu, alimwandika kwa dakika arobaini hizo hizo. Ilikuwa miaka saba nyuma, figo zilipomshinda. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Agnesi alichapa wasifu, akatoa kopi mia moja na hamsini, akazikunja moja moja na kuziweka kwenye boksi, kisha akarudi chumbani kwake Buguruni akapika wali wa watu waliokuwa wamekaa kwenye mikeka. Watu walimsifu kwa ujasiri. Yeye alijua kuwa si ujasiri. Ilikuwa ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, na alisubiri ule mchomo wa sindano sindano unaokuja damu inaporudi. Haukuja. Baada ya mwaka mmoja aliacha kuusubiri. Alikula, alilala, alikwenda kazini, alijibu salamu.

Kisha wateja wakaanza kuja na wasifu ulio tayari kwenye simu. Walitaka kuchapiwa tu. Akili mnemba ilikuwa imewaandikia wakiwa ndani ya gari, na iliandika vizuri, bila kosa la herufi, na neno la hekima mwishoni. Katika mwezi mmoja Agnesi aliandika marehemu wawili tu.

Bi Siwema, mwenye duka, alikuwa mama wa Kizaramo aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Siku moja alivuta kiti akakaa.

“Mwanangu, hii akili mnemba mimi sijui inakula nini, lakini naona inakula kwenye sahani yako. Jifunze.”

“Nianzie wapi, Bi Siwema?”

“Popote. Saa saba mpaka saa nane mchana kompyuta ya ukutani ni yako. Mteja akija nitamhudumia mimi.”

Ndivyo ilivyoanza. Agnesi hakuwa na hamu wala woga. Alikaa mbele ya kompyuta ya ukutani kama anavyokaa mtu kwenye foleni. Alipata masomo ya bure ya mwalimu mmoja aliyezungumza Kiingereza cha haraka, akawa anamsimamisha, anamrudisha nyuma, anaandika, anamwachia tena. Hesabu za kidato cha nne alipata C, na zilikuwa zimebaki vipande vipande. Uwezekano alijifunza upya kwa kuchota vibanio vya karatasi kwenye kopo, vyekundu na vyeupe, na kuandika kila alichokitoa. Mwezi wa kwanza hakuelewa kitu. Mwezi wa pili alielewa jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa dogo: ile mashine haikuwa kabati la majibu. Ilikuwa imelishwa maandishi mengi kupita kiasi, ikafundishwa kubashiri neno linalofuata, kisha linalofuata, kisha linalofuata. Kwa kubashiri tu, na kwa kufundishwa tena na watu jinsi ya kujibu, ilifika mbali hivyo.

Mwalimu wa kwenye masomo alisema njia nzuri ya kuelewa ni kutengeneza ya kwako, hata kama ni ndogo. Agnesi alinakili, akakosea, akafuta, akauliza mashine yenyewe alipokwama, na baada ya wiki tatu alikuwa na programu ya mistari kumi na tisa. Alihitaji maandishi ya kuilisha. Alichokuwa nacho ni wasifu wote uliohifadhiwa kwenye kompyuta za duka tangu aanze kazi. Aliuhesabu. Marehemu mia nne na kumi na wawili.

Programu ilitembea kwa sekunde chache ikatoa jedwali: baada ya neno hili, neno gani hufuata, na mara ngapi. Baada ya “alikuwa”, neno “mcheshi” lilifuata mara mia mbili themanini na saba. Sentensi “Hakuwahi kugombana na mtu” ilikuwepo mara mia tatu sitini na moja. Kisha akaiagiza iandike yenyewe, nayo ikaandika:

“Marehemu alikuwa mcheshi na mwenye upendo kwa watu wote. Alipenda kanisa lake. Hakuwahi kugombana na mtu. Ameacha mjane na watoto wanne.”

Bi Siwema alikuwa anapita na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Aliinama akasoma.

“Huyu nani?”

“Hakuna mtu.”

“Hakuna mtu vipi? Mbona namjua?”

Agnesi aliusoma tena ule wasifu, akitafuta tofauti kati yake na wake. Hakuiona. Katika masomo yake alikuwa amefundishwa kwamba ukipata matokeo ya ajabu, andika maelezo yote yanayowezekana, kisha tafuta ushahidi wa kila moja, hata lile usilolipenda. Akaandika. La kwanza: katika jiji ambalo watu wanagombania maegesho, zamu ya maji na kivuli cha mwamvuli, watu mia tatu sitini na mmoja hawakuwahi kugombana na mtu. La pili: mimi sijawahi kuandika habari za mtu yeyote. La kwanza alilitafutia ushahidi akakosa. Aliandika tarehe pembeni, kama anayesoma mita ya umeme, akafunga daftari na kwenda kumtolea mteja kopi za cheti cha kuzaliwa.

Baada ya hapo aligeukia maneno ya hekima. Alichora safu mpya kwenye daftari la bluu, akaiandika juu: Nimejuaje? Kwa kila neno alitafuta limetoka wapi, nani alilisema, kwenye maandishi gani. Mengi yalikuwa na wenyewe watatu, wanne, kila ukurasa wa mtandao na wake. Mengine yalisemekana yametoka kwa mtu aliyekufa kabla mambo yanayotajwa humo hayajakuwepo duniani. Kati ya maneno tisini, yaliyobaki yamesimama ni kumi na moja.

Lakini kulikuwa na moja ambalo asili yake aliijua. Alilitunga mwenyewe mwaka wa pili wa kazi, karatasi ilipobaki na nafasi tupu chini: “Aliyetuamini ametuachia kazi ya kuwa wale aliowaamini.” Akaiuliza mashine nani alilisema. Ikamjibu bila kusita kuwa ni mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, ikamtaja kwa jina.

Agnesi alikaa akilitazama lile jina. Wazo lililomjia kwanza ni kwamba karatasi zake zimesambaa mtandaoni, watu wamelipenda neno lake, wakalibandika kwa mtu mkubwa. Lilikuwa wazo la kufurahisha, na kwa sababu hiyo hiyo alilitilia shaka. Akatunga sentensi nyingine pale pale, kuhusu mtu anayemenya muhogo akifikiria mvua, ambayo haikuwahi kuwepo mahali popote duniani mpaka dakika ile. Akauliza nani aliisema. Mfalme mmoja wa Afrika Magharibi, ikajibu mashine. Alitunga kumi. Mara saba ilimpa jina, mara tatu ilikiri kuwa haijui. Kwa hiyo haikuwa imesoma neno lake popote. Iliombwa jina, jina likaja, kama yeye alivyoombwa tabia ya marehemu na tabia ikaja. Akaandika matokeo kwenye daftari. Kama kuna kitu kilipaswa kumuuma hapo, hakikumuuma.

Mwezi wa tano baada ya kuanza masomo, asubuhi ya Jumanne, baba yake alifariki.

Mzee Polycarp Mallya alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kwa miaka arobaini aliuza vitasa, bawaba na misumari Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na miaka ya mwisho aliishi Tabata kwa mwanawe mkubwa, Hillary, ambaye anauza vyombo vya jumla Mtaa wa Kongo. Alikwenda kuoga, akarudi, akakaa kitandani, akaegemea ukuta. Hakuugua. Hillary alipompigia simu Agnesi, yeye alisema, “Nakuja,” akamalizia kwanza kukunja barua ya mteja.

Mwili ungesafirishwa Alhamisi kwenda kijijini kwao Kibosho, mazishi Ijumaa. Jumatano asubuhi ndugu walikuwa wamejaa sebuleni kwa Hillary. Hillary alisimama katikati na simu mkononi.

“Wasifu uko tayari. Agnesi, wewe pumzika, umefiwa. Nimeiambia mashine imeandika yote. Sikilizeni.”

Alisoma kwa sauti ya kanisani. Ulikuwa mzuri. Uliwataja wazazi wa Mzee Polycarp, safari yake ya kuja Dar es Salaam akiwa kijana, biashara yake. Ulisema alikuwa mcheshi. Ulisema hakuwahi kugombana na mtu. Mwisho ukasema: “Kila jioni aliwakusanya wanawe na kuwaambia, ‘Jengeni jina kabla ya kujenga nyumba.’ Maneno hayo yatabaki mioyoni mwetu.”

Shangazi Celina, dada wa marehemu, alijifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti. Wengine wakafuata. Hillary mwenyewe alishindwa kumalizia, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Agnesi alisubiri watulie, akamwita kaka yake kwenye korido.

“Kaka, baba aliyasema lini yale?”

“Yapi?”

“Ya jina na nyumba. Kila jioni.”

“Aah, Agnesi.” Hillary aliangalia chini. “Ni namna ya kusema tu. Angeweza kuyasema.”

“Jioni baba alikuwa anafunga duka saa mbili, anakuja amechoka, anakula, analala. Hakuwahi kutukusanya hata siku moja.”

“Umeona watu walivyolia?”

“Nimeona. Wanamlilia nani?”

Hillary aliingiza simu mfukoni. Alikuwa mtu mpole kwa kawaida, lakini alikuwa hajalala. “Mdogo wangu, wewe umeandika haya haya miaka kumi na saba. Watoto wa watu umewaandikia, wake za watu umewaandikia. Shemeji Samson umemwandika hivi hivi, nilikuwepo, nikasoma mimi. Leo ndiyo unaona uongo? Au wa baba yako ndio unauma?”

“Hauniumi,” Agnesi alisema. “Ningekuwa naumia labda nisingeona. Nipe mpaka kesho asubuhi. Nikikosa kitu cha kweli cha kuandika, tunachapa wa kwako.”

Kaka yake akaitikia kwa kichwa.

Mchana ule Agnesi alikwenda Mtaa wa Mkunguni. Duka la baba yake lilikuwa sasa la vipodozi. Lakini la jirani, lililotenganishwa nalo na ukuta mmoja, lilikuwa bado la Mzee Adamu, muuza kufuli na minyororo, mtu wa Pangani mwenye ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri. Alikuwa anaipaka mafuta kufuli kubwa ya geti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe si mtoto wa Polycarp?” Aliiweka kufuli chini. “Nimesikia jana. Pole sana, mwanangu. Nilikuwa nakuja Tabata leo baada ya alasiri.”

Agnesi alikaa kwenye kibao. Alikuwa amekuja na daftari, lakini yale maswali nane aliyaacha. Alimwambia tu kwamba anatakiwa kuandika baba yake alikuwa mtu wa namna gani, na kwamba hajui.

Mteja mmoja akaja, Mzee Adamu akamtajia bei, akaondoka.

“Nikikwambia la kweli utaandika?”

“Ndilo nililolijia.”

“Mimi na baba yako hatukusalimiana miaka tisa.”

Alisimulia polepole, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. Mwaka themanini na tisa Polycarp alikuwa amemweka binamu yake alale stoo ya nyuma, jambo ambalo mkataba wa pango ulikataza. Mtu akamwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba akamwandikia Polycarp barua na kumfungia duka miezi mitatu. Mchukuzi mmoja wa pale mtaani akamwambia Polycarp kuwa aliyemchongea ni Adamu. Polycarp hakuuliza. Tangu siku ile hakumsalimu Adamu, na Adamu, aliyekuwa na kiburi chake, hakuuliza kwa nini. Walifungua maduka saa moja, wakafunga saa mbili, wakisikia kila kitu cha mwenzake kupitia ukutani, mpaka kikohozi.

“Sasa mwaka tisini na nane,” Mzee Adamu aliendelea, “siku moja namwona ameingia hapa. Ana karatasi mkononi. Amesimama pale ulipoweka miguu. Akaniambia, ‘Adamu, nilikuwa nasafisha makaratasi nikaiona barua ya mwenye nyumba. Inasema aliambiwa tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, na mtu aliyekuja mwenyewe ofisini kwake. Tarehe kumi na mbili wewe ulikuwa Pangani. Mama yako alikuwa amefariki tarehe tisa. Na najua, kwa sababu aliyekusindikiza stendi ni mimi.’”

Mzee Adamu aliichukua tena ile kufuli, akaigeuza geuza.

“Alinisindikiza yeye, unaona. Alinibebea begi. Aliporudi tu akafungiwa duka, akaniweka mimi kwenye lile kosa. Barua anayo ndani ya droo miaka tisa. Safari yangu anayo kichwani miaka tisa. Hakuviweka pamoja. Akaniambia, ‘Niliambiwa tu. Sikupima.’ Hakusema nisamehe, nadhani alishindwa kulitamka. Alisimama tu. Nikamwambia akae, nikaagiza kahawa.”

“Na wewe ulimwambia nini?”

“Nilimwambia na mimi nina kosa langu, kwamba kuuliza kulikuwa hatua tatu kutoka mlangoni kwangu na sikuzipiga. Basi. Tukaanza kuongea mambo ya bawaba.”

Agnesi aliandika yote, na tarehe. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyejua habari hizi. Mzee Adamu hakuchukia kuulizwa. Alimtaja mtunza stoo wao wa zamani, Tarsis, ambaye sasa anauza kahawa jirani na soko, na Agnesi alikwenda kumtafuta, akamkuta, na Tarsis akamsimulia yale yale, isipokuwa alisema haikuwa kahawa, ilikuwa soda. Agnesi aliandika hilo pia.

Alirudi steshenari akakaa kwenye kompyuta ya ukutani. Bi Siwema alikuwa ameshamwambia asije, lakini alipomwona alimsogezea feni. Dakika arobaini zilipita, na saa moja, na ya pili. Kila sentensi iliyokuja kwa urahisi aliifuta, kwa sababu alijua inatoka wapi. Kilichobaki kilijaa nusu ukurasa. Kilisema Polycarp Mallya alizaliwa wapi, alikuja mjini lini, aliuza nini. Kilisema kwamba kwa miaka tisa alimchukia jirani yake kwa jambo aliloambiwa na asilolipima, na kwamba alipoona ushahidi, mtu wa miaka hamsini na nne mwenye duka lake, alitembea hatua tatu akaenda kusema kwamba alikosea. Hakuweka neno la hekima. Nafasi ya chini aliiacha tupu.

Alhamisi asubuhi Hillary alipita dukani kuchukua karatasi. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, gari limewashwa nje. Alisoma mara mbili.

“Kwa hiyo ndiyo maana tulikuwa tunazungushwa ng’ambo ya barabara tukienda dukani kwa baba, tusipite kwa Mzee Adamu.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilidhani tunakwepa mtaro.”

“Hata mimi nilidhani ni mtaro. Mzee Adamu anasema hapakuwa na mtaro.”

Hillary alikunja karatasi. “Shangazi atatutoa roho,” alisema. Kisha akasema, “Toa kopi mia mbili. Nitasoma mimi.”

Kibosho kulikuwa na ubaridi na ardhi ilikuwa imelowa. Hillary alisoma kwa sauti ile ile ya kanisani, lakini alipofika kwenye miaka tisa sauti ilishuka, na waliokuwa nyuma wakaanza kuulizana amesema nini. Hakuna aliyelia. Wazee wawili waliangaliana. Mwishoni pakawa na ukimya ambao padri aliuziba kwa wimbo kabla ya wakati wake.

Wakati wa kula Shangazi Celina alimfuata Agnesi nyuma ya jiko. “Umemvua nguo kaka yangu mbele za watu.”

“Ni habari yake, shangazi.”

“Si kila habari ya mtu ni ya kusemwa.” Akaondoka, na mpaka wanarudi Dar hakumsemesha tena.

Hapo hapo, watu wakiwa wanaosha vyombo, alikuja mwanamume wa makamo anayeitwa Jovin, ndugu wa upande wa bibi, ambaye Agnesi alikuwa hajawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Alimuuliza kwa sauti ya chini ni nani alianza kusema, baba yake au yule jirani. Agnesi akamwambia ni baba yake. Jovin akauliza kama alikuwa amemtumia mtu kwanza kupeleka habari. Agnesi akasema hapana, aliingia tu dukani. Jovin aliitikia, akasimama kidogo kama mwenye la tatu la kuuliza, kisha akaenda zake akipanda kati ya migomba. Baadaye Hillary alimwambia kuwa Jovin na mdogo wake wana kesi ya mpaka wa shamba, mwaka wa sita huu. Kama alikwenda kwa mdogo wake au alikwenda nyumbani kulala, Agnesi hakupata kujua.

Kabla ya chakula, udongo ulipokuwa unaingia kaburini, Agnesi alikuwa amesimama mstari wa mbele. Aliangalia majembe. Alisubiri, maana siku ile alidhani huenda ule mchomo wa sindano ungekuja. Aliweka ua lake, akampisha aliye nyuma yake.

Kazini aliongeza swali la tisa: alikosea nini, na alipojua amekosea alifanyaje? Bi Siwema alipolisikia kwa mara ya kwanza alimwita pembeni. “Utanifukuzia watu.” Wengine kweli waliondoka. Wengine walisema hakukosea kitu, andika hivyo. Naye aliandika hivyo, kwa sababu marehemu hakuwa wake. Dada mmoja anayeitwa Mboni, aliyekuja kumwandikia mama yake wa kambo, alilisikia swali akasema, “Hilo mimi najua jibu lake, lakini sitaki liandikwe. Naomba tu ukae kidogo nikusimulie.” Alisimulia mpaka saa kumi. Kwenye karatasi iliandikwa kuwa mama alikuwa mcheshi, na Mboni akalipia akaondoka ameshika boksi lake.

Siku hizi kila mwezi wanapata marehemu sita au saba wa kuandika upya, hasa wa familia ambazo zimechapa wa mashine halafu mtu mmoja akasema huyu si yeye. Hawatoshi. Agnesi anafanya pia kazi nyingine: walimu wawili na karani mmoja huja saa saba mchana kukaa naye kwenye kompyuta ya ukutani, na anawaonyesha ile programu ya mistari kumi na tisa. Yeye mwenyewe yuko kwenye somo la namna mashine inavyopima kosa lake na kujirekebisha kidogo kidogo. Hesabu zake ni ngumu. Anarudia video moja wiki ya pili sasa.

Jumamosi akifunga mapema hupita kwa Mzee Adamu. Mara ya kwanza alikwenda kumpa kopi ya wasifu, mara ya pili hakuwa na sababu. Wanakaa. Mzee hupenda kuuliza mambo ya mashine, na hukubali au hukataa kadiri anavyoona.

“Kwa hiyo ikikosea inaambiwa?” aliuliza Jumamosi iliyopita.

“Inaambiwa imekosea kwa kiasi gani. Halafu inasogea kidogo.”

“Mara ngapi?”

“Mamilioni.”

“Haichoki.”

“Haichoki, mzee. Haina cha kuchoka nacho.”

Mzee Adamu alicheka kidogo. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza, akainuka kutafuta kofia yake, akamwomba amwangalizie duka dakika kumi na tano. Agnesi alihamia upande wa ndani wa kaunta. Ukutani, karibu na usawa wa bega lake, ilisikika redio ya duka la vipodozi na msichana akimwelekeza mteja namna ya kupaka mafuta ya nywele, neno kwa neno. Alisikiliza. Kisha mtu akaja kuulizia kufuli ya geti, na Agnesi akasimama kumtafutia.